Waithera na Nyuzi za Vidoleni

Wasikilizaji wapendwa, mko salama huko mliko? Walio Nakuru mjini, walio Njoro mashambani, walio kule Longonot kwenye upepo wenu, karibuni nyote. Mimi ni Cheruto. Mnajua sauti yangu ni ndogo, kwa hivyo ongeza redio kidogo. Kama una sufuria mekoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka mama mmoja, na ningependa usikose neno.

Jina lake ni Waithera. Kwenye ploti, zile nyumba za kupanga tulizokaa pamoja, tulimwita Mama Jamleck. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Nakuru. Alikuwa anafuma sweta za shule. Kama ulisoma katika shule za huku kwetu, huenda uliwahi kuvaa kazi ya mkono wake.

Kazi hiyo aliifanyia nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Mashine ilikaa dirishani, kitanda ukutani, jiko karibu na mlango, na watoto wadogo sakafuni, miguuni pake.

Na Waithera alikuwa hasikii. Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Waithera alikuwa hasikii hata kidogo. Hakusikia mlango ukibishwa. Hakusikia mvua ya mawe kwenye mabati. Hakusikia mtoto akilia.

Sasa jiulize swali ambalo ploti nzima ilijiuliza. Mwanamke asiyesikia, ameinamia mashine, macho kwenye sindano. Atajuaje kama mtoto amefika kwenye jiko?

Tutafika hapo. Kwanza nikuambie alivyopoteza masikio.

Waithera hakuzaliwa hivyo. Alikuwa msichana wa kuimba kanisani. Aliolewa na Gathogo, dereva wa lori la safari ndefu, na wakapata mtoto wa kwanza, Jamleck. Jamleck alipoanza kusimama kwa kushika meza, mama yake akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitalini muda mrefu bila kujijua. Siku aliyofungua macho, aliona muuguzi amesimama mbele yake, anafungua mdomo na kuufunga. Akadhani muuguzi anatafuna. Akamwambia, "Ukimaliza kula, niitie mume wangu."

Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, akicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa. Sauti yake pia ilikuwa kubwa, kwa sababu hakuisikia mwenyewe. Akikunong'oneza siri, ploti nzima ilijua. Watu walimwambia siri zao, lakini walimwomba asizijibu.

Kabla ya ugonjwa alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya sweta mjini. Alipopona, mwenye karakana alimwambia hawezi kukaa na mtu asiyesikia akiitwa. Lakini stoo kulikuwa na mashine moja kuukuu. Akampa. Gathogo akaipakia kwenye lori, akaileta nyumbani.

Kwa wasioijua, mashine ya kufuma si cherehani. Ni ndefu kama benchi. Sindano zimejipanga kama meno. Juu yake kuna kipande cha chuma unachokisukuma kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kra. Kra. Mikono yote miwili iko kazini, na macho pia. Ukigeuka kutazama mtoto, mishono inadondoka na unaanza upya.

Kisha akazaliwa Natalie. Mama ana watoto wawili, mashine moja, na masikio hayapo. Gathogo yuko barabarani. Gathogo mwenyewe, nilipoenda kuwapa pole, aliniambia hivi: "Cheruto, mimi nilikuwa na masikio mawili mazuri, lakini hayakuwa nyumbani."

Basi Waithera alifanya nini? Alichukua nyuzi.

Mabaki ya nyuzi za sweta hayakosekani kwa mfumaji. Alichukua uzi wa rangi ya damu ya mzee, ule wekundu mzito, mrefu, akaufunga kiunoni mwa Jamleck, fundo la kulegea ambalo likivutwa kwa nguvu linafunguka, mtoto asiumie. Ncha ya pili akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Akachukua uzi wa kijani, akamfunga Natalie. Ncha ya pili, kidole kinachofuata. Kisha akakaa kwenye mashine, mguu mtupu, akaanza kazi. Kra. Kra. Mikono inafuma, na mguu unalea.

Baadaye nikaongezeka mimi. Mama yangu, Chepkemei, alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, na huko hawakutaka mtoto. Waithera akamwambia, "Mlete. Vidole bado viko." Uzi wangu ulikuwa wa manjano. Nilifungwa kwenye kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo. Mpaka leo Jamleck akiniona njiani huniita hivyo. "Niaje, kidole kidogo!"

Wasikilizaji wapendwa, sijui kama naweza kueleza vizuri jinsi ilivyokuwa. Ukiwa upande wa pili wa ule uzi, ulijua unashikwa. Ukienda karibu na jiko, uzi unakaza, na mguu wake unakurudisha polepole bila mashine kusimama. Ukitaka choo, unavuta mara mbili. Ukivuta bila sababu, anatikisa kidole kukutekenya. Natalie alijua kuvuta uzi kabla hajajua kusema mama. Na mtoto akilala, Waithera alisema uzi unapumua. Alisema anasikia pumzi kwenye kidole, juu, chini, juu, chini. Watu wazima walibisha. Mimi sibishi. Nilikuwa pale.

Kulikuwa na kitu kingine mle chumbani. Redio. Ilikaa kwenye rafu kando ya mashine. Mtu asiyesikia ana kazi gani na redio? Alisema ni ya watoto, wasikue bila nyimbo. Kila asubuhi aliiwasha, kisha akaweka kiganja juu yake, ajue kama betri zimeisha. Polepole kiganja kikajifunza. Wimbo ulirukaruka mkononi mwake. Taarifa ya habari, alisema, ilinguruma kama paka aliyelala. Na saa ya matangazo ya vifo aliijua kwa ule muziki wa taratibu unaotangulia. Alikuwa anainua mkono kidogo, anainamisha kichwa, halafu anaurudisha. Hakujua nani amekufa, lakini aliinama.

Majirani walisema yao. Jirani wa mlango wa pili alikuwa Umaima, mke wa muuza viungo. Umaima alikuwa mtu wa mizaha. Kila asubuhi alipita na beseni lake, akasimama mahali ambapo Waithera angeona midomo yake.

"Mama Jamleck! Mbuzi wamekula?"

"Wamekula," Waithera alijibu kwa ile sauti ya kufika barabarani. "Wamekubakisha wewe tu!"

Umaima ananiambia alicheka kila siku kama mara ya kwanza. Lakini neno la mzaha halikai mahali pamoja. Lilitembea mpaka Njoro, na lilipofika huko halikuwa mzaha tena. Lilifika kwa mama mkwe wa Waithera, nyanya wa watoto, Shosho Wariara. Kwamba mke wa Gathogo huko Nakuru amefunga wajukuu kamba kama mbuzi.

Shosho Wariara alikuja. Alishuka na kikapu cha maharagwe, kitambaa kichwani, uso umefungwa. Alitukuta watatu sakafuni na nyuzi zetu. Kisha akaenda mbele ya mashine, akamshika Waithera kidevu, kwa upole, akamwinulia uso.

"Niangalie mdomo," alisema. "Mtoto wa nyumba yetu hafungwi. Mbuzi nimewaacha Njoro."

"Mama, si kamba. Ni uzi."

"Kilichofunga mtoto ni kamba. Na je, moto ukiwaka nyuma yako? Mtoto akilia, utasikia na nini?"

Waithera akainua mguu wake, akaonyesha vidole. Shosho akatingisha kichwa.

Usimwone Shosho mbaya. Alikuwa na hofu. Alikuwa amezika mtoto wake mwenyewe zamani, aliyeungua na uji wakati yeye yuko shambani. Hilo hakulisema siku hiyo, lakini ndilo lililomleta. Akaamua. Watoto wataenda Njoro mpaka wawe wakubwa. Gathogo akapigiwa simu akiwa safarini. Gathogo akasema, kama mama ameona hivyo, basi nikifika Jumamosi nitawabeba.

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivyo, wasikilizaji. Jumamosi lori lingekuja, na Waithera angepoteza watoto wake wawili. Hakuna aliyesema hawapendi. Walisema hasikii.

Umaima anakumbuka jibu lake. Waithera hakulia. Alisema, "Basi mkichukua watoto, chukueni na hivi vidole vya mguu. Vitabaki vikifanya nini?"

Siku hizo zilizobaki, Shosho alikaa pale pale kutuchunga. Alifungua nyuzi zote mbele yetu, akazikunja zikawa kama yai, akazitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Fanya kazi yako," alimwambia Waithera. "Mimi nina masikio." Ilikuwa karibu shule zifunguliwe na sweta zilikuwa zikingojwa. Waithera alitii, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Alitii karibu yote. Asubuhi ya Ijumaa, alipokuwa anamvisha Natalie, aliufunga uzi mwingine wa kijani chini ya gauni. Aliupitisha chini ya mkeka mpaka kwenye mashine, kwenye kidole chake cha mguu. Mimi nilimwona. Alinikonyeza. Nilikuwa mdogo, mengine ya siku ile nimeambiwa, lakini ule mkonyezo ni wangu mwenyewe.

Ilikuwa alasiri. Shosho ameketi mlangoni, anachagua maharagwe kwenye ungo na kumwambia Jamleck hadithi ya fisi. Natalie amekaa nyuma yake, karibu kiasi kwamba Shosho angenyoosha mkono angemgusa. Siku hiyo Waithera alikuwa anafuma zile sweta za wasichana zinazofunguka mbele. Vifungo vilikuwa kwenye kopo. Kopo lilikuwa limeinama.

Natalie akaokota kifungo, akakitia mdomoni.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nataka unisikilize, hasa wewe mwenye mtoto mdogo. Mtoto aliyekabwa na kitu halii. Hana hewa ya kulilia. Hakohoi. Haiti. Anakaa tu, mdomo wazi, na rangi yake inabadilika. Shosho alikuwa na masikio yake yote mawili. Alikuwa pale pale. Hakusikia kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Aliendelea na fisi wake.

Mashine ikanyamaza.

Shosho aligeuka kwa sababu ya ule ukimya. Alimwona Waithera amesimama, sweta inateremka kwenye sindano, mshono kwa mshono, kazi ya mchana kutwa inafumuka. Waithera aliruka mkeka. Akamshika Natalie, akamlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja. Tena. Tena. Kifungo kikatoka, kikaangukia kwenye ungo wa Shosho, katikati ya maharagwe.

Ndipo Natalie akalia. Shosho alikisikia kilio. Waithera alikiona. Alikiona kwenye uso wa mtoto, ule mdomo mkubwa, yale machozi, akakaa chini sakafuni, mtoto mapajani.

Shosho akaokota kile kifungo kwenye ungo. Akamwelekea Waithera, akauliza, "Umejuaje? Umejuaje, mwanangu?"

Waithera akainua gauni la Natalie. Uzi wa kijani ulikuwa pale, umezunguka kiuno. Akasema kwa ile sauti yake, na ploti nzima ikasikia:

"Uzi ulikataa kupumua."

Umaima alikuwa amefika mlangoni. Anasema alihisi ngozi ikimsisimka, kama mtu anayeingia mahali pa kuvua viatu. "Tangu siku ile," anasema, "mimi kutaja mbuzi, sikutaja tena. Akawa ananiuliza yeye, 'Umaima, leo huulizi mbuzi?' Nami napita na beseni langu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Shosho Wariara aliamka, akanywa chai, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa lile yai la nyuzi. Akalifungua mapajani, polepole. Akaita, "Jamleck, njoo. Hii nyekundu ni yako?" Akamwangalia Waithera usoni. "Nifundishe hilo fundo la kulegea."

Waithera akamfundisha. Shosho akatufunga mmoja mmoja kwa mikono yake. Hata mimi, mtoto wa mtu mwingine, kidole cha mwisho. Kisha akapiga magoti na kufunga zile ncha kwenye mguu wa mkaza mwana wake. Mama mkwe kupiga magoti mbele ya mguu wa mkaza mwana. Watu wa kwetu mnajua uzito wa jambo hilo.

Lori lilipofika, Gathogo alishuka na kusimama. Shosho alimwambia, "Hapa hakuna mzigo. Nirudishe mimi peke yangu."

Hivyo Waithera alibaki na watoto wake. Nasema tena. Alibaki nao, akawalea, akawasomesha kwa kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mtaani watoto waliendelea kuletwa. Vidole vya mguu wa kushoto vilipojaa, alivua kiatu cha kulia.

Miaka ikaenda. Shosho Wariara alizeeka, macho yakafifia, akaletwa Nakuru kukaa na Waithera. Alikuwa na uzi wake, mweupe, kwenye mkono. Akitaka chai, anavuta. Alikufa akiwa ameushika. Gathogo anasema mama yake aliwaambia wageni wote, "Mimi pia ni mtoto wa hapa."

Na Natalie? Natalie sasa ni mama. Anaishi kwenye chumba kile kile, wakaongeza kingine nyuma. Yeye pia hufanyia kazi nyumbani. Si sweta. Ana kompyuta pale dirishani, mashine ilipokuwa. Anapokea simu za wateja wa kampuni moja ya mbali, siku nzima na vile visikizi vikubwa vimefunika masikio. Ana mtoto anayetambaa. Akivaa vile visikizi, hasikii nyumba yake.

Nilipoenda kuwapa pole, nilitazama chini ya meza. Mguu mtupu. Uzi wa buluu kwenye kidole gumba. Na kwenye kidole kinachofuata, palikuwa na alama tu, kama ya pete iliyovuliwa.

Natalie aliona ninapotazama. Akaniambia. Mama yake alikuwa amelala miezi hii ya mwisho, moyo umechoka. Kitanda chake kilikuwa nyuma ya kiti cha Natalie. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Aliuchagua uzi wa kijani, akaufunga kiunoni mwake, akampa binti yake ncha ya pili. Akasema, kwa kunong'ona, na ploti nzima ikasikia, "Sasa ni zamu yangu kuwa mtoto."

Jumanne asubuhi Natalie alikuwa kwenye simu. Mteja alikuwa anaeleza shida yake. Natalie aliniambia, "Cheruto, alikuwa bado anaongea masikioni. Mimi nikahisi kwenye kidole. Uzi ulipumua, ukapumua, kisha ukatulia. Sikugeuka kwanza. Nilivua visikizi, nikaviweka mezani. Nilijua." Kisha akasema, "Mama alinisikia nisipolia. Nami nimemsikia asiposema."

Wasikilizaji wapendwa, shule niliiacha darasa la sita. Lakini kusikiliza nilifundishwa na mwanamke aliyekuwa hasikii, na mpaka leo nikikumbuka nashangaa. Nashangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na mikono kazini, macho kazini, na bado moyo wake uko chini sakafuni, unahesabu pumzi za watoto watatu, mmoja wao hata si wake.

Kwa Mzee Gathogo, pole. Kwa Jamleck, pole, ndugu yangu. Kwa Natalie na mtoto wake, poleni sana. Kwa Umaima na wote wa ploti, poleni. Waithera atazikwa Njoro, Ijumaa, kando ya Shosho Wariara. Mungu ampokee mahali ambapo hahitaji uzi kujua kwamba watoto wako salama.

Kwako wewe unayefanyia kazi nyumbani, na mtoto yuko miguuni, na watu wanakuambia huwezi yote mawili, leo mfikirie Waithera. Na kwako wewe uliye na masikio mazuri, jiulize ni nani nyumbani kwako ambaye hivi sasa halii, kwa sababu hana hewa ya kulilia.

Sasa nina ombi. Redio yako iko karibu? Weka kiganja juu yake. Usiogope, weka tu. Mtoto naye aweke. Nitanyamaza kidogo, halafu nitataja jina lake, na wewe usilisikilize kwa masikio. Lisikilize kwa mkono. Hivyo ndivyo alivyotusikiliza sisi, kila asubuhi, miaka yote hiyo. Hakujua nani amekufa, lakini aliinama.

Inamisha kichwa.

Waithera.